Mwalimu, hesabu kwanza siku za maji

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho, Moshi, nina miaka 68. Mwanetu anafanya kazi Sydney, na ametuahidi mimi na mama yake safari ya meli ya kitalii: kuondoka Sydney mwezi Aprili, kupitia Fiji na Honolulu kule Hawaii, Marekani, hadi Vancouver nchini Kanada, siku 22. Hatujawahi kupanda chombo cha majini zaidi ya boti ya Dar kwenda Unguja, na siku hiyo mama watoto alitapika tangu tunatoka hadi tunafika. Tena ana presha, anameza dawa kila siku. Je, twende? Viza zinakuwaje kama hatushuki kila bandari? Ni kweli kuna siku inapotea njiani? Na je, tunaweza kumbebea mjukuu ndizi na kahawa ya shambani?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi umeuliza kabla kijana hajalipa, maana wengi wanaofika mezani kwangu hapa Arusha huja na tiketi mkononi, wakati kilichobaki ni kupeana pole. Nilifanya kazi kwenye meli za kitalii miaka kumi na moja, kwanza kutandika vyumba, baadaye mapokezi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa Pasifiki. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa kaunta.

Jibu fupi: nendeni, ila msiende Vancouver. Mwambie kijana abadilishe njia. Sasa nieleze kwa nini.

Chukua kalamu ufanye hesabu ambayo vijitabu vya matangazo haviifanyi. Vijitabu vinaonyesha bandari: picha ya Suva kule Fiji, picha ya Honolulu, mwanamke na shada la maua shingoni. Havionyeshi kilichopo kati ya picha na picha. Meli ya kitalii hutembea kama maili 18 hadi 20 za baharini kwa saa. Kutoka Sydney hadi Suva ni takriban maili 1,740, yaani siku nne hivi. Suva hadi Honolulu ni karibu maili 2,800, siku sita. Honolulu hadi Vancouver ni kama maili 2,400, siku tano. Jumlisha: siku 15 kati ya 22 hamtaona nchi kavu. Boti ya Unguja inavuka maili 40 tu.

Siku ya maji si mbaya yenyewe. Mimi nilizipenda. Asubuhi ya kwanza abiria wote wanakimbilia sitaha ya juu na simu zao. Asubuhi ya tatu wamebaki wazee wachache wanaotembea kwa mzunguko, wanasalimiana kwa majina. Asubuhi ya tano kuna mtu amekuja mapokezi kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kisiwa chochote tutakachokipita, hata kwa mbali. Hakuna, Mwalimu. Kati ya Fiji na Hawaii visiwa vipo, lakini vimetawanyika kama punje za mahindi zilizodondoka kwenye uwanja wa mpira. Mwaka 1520 Ferdinand Magellan alitoka kwenye mlango wa bahari kule kusini mwa Amerika, akayakuta maji yametulia, akaiita bahari hii ya amani. Kisha akakaa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kufika Guam, mabaharia wake wakila panya. Ninyi mtakula vizuri zaidi, lakini ukubwa wa bahari haujapungua.

Kwa mtu aliyekwisha kusafiri na anayejua kuwa siku sita za upeo mtupu zinamtuliza, Vancouver ni safari nzuri, tena ya bei nafuu kwa idadi ya siku. Unajua kwa nini ni nafuu? Msimu wa utalii wa meli Alaska, kaskazini mwa Amerika, huanza Mei, kwa hiyo Aprili meli zinahama kutoka Australia kwenda kaskazini, na zikihama tupu ni hasara. Septemba na Oktoba zinarudi. Kijana wenu ameona bei ya meli inayohama. Hajakosea, ila hajajumlisha kwamba safari inaishia Kanada, na tiketi ya ndege ya kuwarudisha KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, itatoka Vancouver.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Umeuliza kama viza inahitajika msiposhuka. Kwa Marekani, ndiyo. Meli ikifunga gati Honolulu, maofisa wao wanakagua abiria wote, hata yule anayetaka kulala kitandani mwake. Kwa pasipoti ya Tanzania hiyo ni viza kamili ya Marekani, ya kuombea ubalozini Dar, na masharti yake kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika na kukazwa; usikubali mtu akwambie "itapatikana tu". Halafu Kanada nayo ina viza yake, na alama za vidole. Na Australia kabla ya zote, kwa sababu safari inaanzia huko. Viza tatu nzito kwa likizo moja, na moja ikikosekana safari nzima inalala. Mkataba wa tiketi za meli, ukiusoma yale maandishi madogo, unasema viza ni jukumu la abiria: ukikosa, hupandi, na pesa hairudi.

Kuna mtego mwingine ambao mzazi wa Kitanzania haufikirii. Tahiti, Bora Bora na Nouméa, vituo vya meli huko Pasifiki, viko chini ya Ufaransa, lakini haviko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Nakumbuka siku moja Sydney, mama mmoja wa Afrika Mashariki, wa umri wa mkeo hivi, alifika kaunta yetu amevaa kitenge kizuri na viatu vipya. Pasipoti yake ilikuwa na viza ya Schengen aliyoipatia Italia, nzima, haijaisha. Mwanawe alikuwa amemwambia, "Tahiti ni Ufaransa, mama, unayo tayari." Bandari yetu ya pili ilikuwa Papeete, huko Tahiti. Viza ya kule lazima iombwe kwa Ufaransa na iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa visiwa vile. Nilimrudishia pasipoti mimi mwenyewe. Alikaa juu ya sanduku lake, akavua viatu vile vipya, akavishika mapajani. Meli ilipiga honi yule mama angali pale.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchagua njia kwa pasipoti kwanza. Mtafute safari ya kwenda na kurudi Sydney, siku 14 hadi 18, inayogusa Fiji, Tonga, Samoa au Vanuatu, isiyopita Nouméa wala Tahiti. Kama meli mtakayoipenda lazima ipite kwa Mfaransa, basi viza yake iombwe mapema, msingoje. Viza ya Australia muiombe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana mnatoka na kurudi. Pasipoti ziwe na miezi sita ya uhai baada ya siku ya mwisho ya safari. Na kijana aandikie kampuni ya meli barua pepe, aulize bandari kwa bandari: "Wazazi wangu wana pasipoti za Tanzania, hapa wanahitaji nini?" Jibu lije kwa maandishi. Lile la kwenye simu halina shahidi.

Njia hiyo ina siku tatu au nne za maji mwanzoni, nyingine kama hizo mwishoni, na katikati mnaruka kisiwa hadi kisiwa. Inatosha kumwonyesha mtu Pasifiki bila kumfungia humo. Msiende Novemba hadi Aprili, huo ndio msimu wa vimbunga kule kusini. Juni hadi Septemba meli nyingi zinakuwa zimehama kwenda kaskazini, lakini zipo zinazobaki. Miezi hiyo ndiyo ninayoipenda mimi.

Nije kwa Mama na boti ya Unguja. Mpe pole, lakini mwambie ile boti isimpe jibu la meli. Boti ile ni chombo chepesi chenye mwendo wa kasi. Inapiga wimbi, inaruka, inapiga tena, na wewe umefungiwa ndani na harufu ya dizeli na ya aliyekwisha kutapika mbele yako. Hata mimi baharia imenishinda mara mbili. Meli ya mita 300 haipigi wimbi namna hiyo, inalipanda taratibu, tena ina mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji kuipunguzia kuyumba. Bahari ya Tasman, mkitoka tu Sydney, inaweza kuwa chafu siku ya kwanza na ya pili, sitakuficha. Lakini wengi huzoea ndani ya siku mbili.

Kinachosaidia zaidi ni chumba, na hapa kijana asiwe mkarimu kupita kiasi. Vijana wakitaka kuwafurahisha wazazi hukata chumba cha juu kabisa, cha mbele, chenye baraza. Huko ndiko kunakotupwa. Fikiria ubao wa kupandishana wa watoto wa shule: walioko ncha zote mbili wanaruka, aliyekaa katikati hasogei sana. Meli ni ubao huo. Omo inapanda, tezi inashuka, katikati panatulia. Na kadiri unavyokuwa chini ndivyo unavyoyumba kidogo. Basi chumba kiwe katikati ya meli, sitaha za chini, chenye dirisha. Akisikia kichefuchefu atoke nje, aangalie pale mbingu inapokutana na maji, asisome, asiangalie simu. Tangawizi mnayo nyumbani, inasaidia kidogo. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa kabla meli haijatoka, si baada ya kuanza kutapika. Ila vingi vya hivyo vinaleta usingizi na kukausha mdomo, na ile bandeji ya dawa inayobandikwa nyuma ya sikio inaweza kumchanganya akili mtu mzima na haifai kwa mwenye presha ya macho. Amuulize daktari anayemfuatilia presha, akiwa na dawa zake zote mkononi.

Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake za dukani, na barua ya daktari ya Kiingereza. Masanduku makubwa mnayaacha gatini na huyaona tena mlangoni mwa chumba saa kadhaa baadaye; dawa isisafiri na sanduku. Mbebe za siku kumi zaidi ya safari.

Na hapo ndipo linapoingia swali lako la siku inayopotea, ambalo ni swali zuri kuliko unavyodhani. Ndiyo, ni kweli, lakini inategemea mnaelekea wapi. Mkivuka Mstari wa Tarehe, ule wa kufikirika katikati ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika, kwenda mashariki, kama njia ya Honolulu, siku haipotei bali inajirudia: mnalala Jumanne, mnaamka Jumanne. Mkivuka kwenda magharibi, ndipo inaruka. Niliwahi kupata mzee aliyehesabu vidonge vyake kwa kalenda, kimoja kwa kila tarehe. Jumanne ya pili ilimla kidonge kimoja, akafika mwisho wa safari pungufu, na alikuja mapokezi akiwa na hakika kwamba msafishaji wa chumba amemwibia. Tulikaa naye na kalenda nusu saa. Mwili hauna habari na mstari. Unahesabu saa 24.

Njia ninayowapa ya Fiji, Tonga na Samoa haina shida hiyo, kwa sababu mstari umepindishwa. Samoa ilikuwa upande wa Marekani hadi mwisho wa mwaka 2011, ikaamua kuhamia upande wa Australia na New Zealand inakofanyia biashara. Wananchi wake walilala tarehe 29 Desemba wakaamka tarehe 31. Tarehe 30 ya mwaka ule kwao haikuwapo kabisa. Ninyi mtasogeza saa tu, mbele saa tatu hivi kwa jumla toka Sydney, kidogo kidogo, na tangazo linaletwa chumbani jioni. Mkiwa Apia, mji mkuu wa Samoa, saa mbili asubuhi, Kibosho ni saa nne usiku wa jana. Mama achague kumeza dawa na chai ya asubuhi ya meli, aendelee hivyo.

Kuhusu kuumwa: kila meli ya ukubwa huo ina daktari, wauguzi na wodi ndogo. Ni wazuri, na ni ghali, na bili inaandikwa kwenye akaunti ya chumba kama soda. Wao wanatuliza mgonjwa hadi bandari inayofuata. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya niogope zile siku sita za Suva hadi Honolulu kwa mtu mwenye presha: katikati pale helikopta haifiki, na nahodha hana pa kukatia kona. Bima ya safari iandikwe wazi kwamba inahusu meli na kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini. Bima ya kawaida ya viza huwa haitoshi, isomeni. Presha itajwe kwenye fomu, isifichwe, maana bima iliyofichwa ugonjwa hailipi.

Chakula kina chumvi nyingi, hasa supu na nyama za asubuhi. Ugali hakuna, wali upo siku zote kwa sababu nusu ya wafanyakazi ni Wafilipino na Waindonesia, na ukiwaomba pilipili yao wanaifurahia. Mnawe mikono kwa sabuni kila mkiingia kula; ile jeli ya mlangoni haiwezi vizuri kirusi cha kuharisha kinachopenda meli.

Fedha sitazirefusha. Bei ya tiketi ni chumba, chakula na burudani. Bakshishi ya wafanyakazi mara nyingi inakatwa yenyewe, kama dola 15 hadi 20 kwa kichwa kwa siku, ingawa meli zinazouzwa Australia zipo zinazoijumlisha ndani, kijana aulize. Soda, pombe, intaneti na matembezi ya bandarini ni juu yenu. Simu muiweke kwenye hali ya ndege tangu gatini, la sivyo inajiunga na mtandao wa meli wa setilaiti na vocha yote inakwenda kabla hujasema haloo.

Jambo moja la magoti, maana hukuliandika lakini nawajua walimu waliosimama ubaoni miaka 40. Si kila bandari ina gati. Kwenye visiwa vidogo meli inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa mashua. Kipo kisiwa Vanuatu, watalii wanakiita Mystery Island, ambacho hakuna mtu anayelala; siku meli inapokuja watu wa kisiwa jirani cha Aneityum wanavuka na bidhaa zao, jioni wanarudi kwao. Pazuri sana. Lakini ni hatua moja ya kutoka kwenye jukwaa linalopanda kuingia mashua inayoshuka. Baharia anakushika mkono kiwikoni, anasema ngoja, ngoja, sasa! Akisema sasa, vukeni. Akisema ngoja, msimwonyeshe ujana. Na bahari ikichafuka, nahodha anafuta kituo na meli inapita. Haki hiyo anayo, na hakuna wa kumlalamikia.

Fikeni Sydney siku tatu kabla, msiamini ndege ya kuunganisha siku ileile. Meli haisubiri. Na kadi ya njano mbebe hata kama mtu atawaambia haihitajiki, kwa sababu njia za kutoka KIA nyingi hupita Addis Ababa au Nairobi, na zipo nchi zinazoiuliza kwa aliyekaa huko saa kadhaa. Kama hamjawahi kuchanjwa, muoneni daktari kwanza: kwa aliyepita miaka 60 chanjo ya homa ya manjano inataka kufikiriwa, na cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano.

Mwisho, mzigo wa mjukuu. Ndizi hapana, wala mbivu wala kavu za nyumbani, wala maparachichi, wala mbegu za maharage, wala nyama. Australia wana mbwa wa kunusa uwanja wa ndege na hawana utani. New Zealand, kama meli itapita, faini ya papo hapo ni dola zao 400, na imewahi kumpata mtu kwa tofaa alilochukua kwenye meza ya asubuhi ya meli. Viatu vya shambani msafishe udongo wote hadi kwenye mifereji ya soli. Kikapu, mwiko, kitu chochote cha mti au majani, mkiandike kwenye fomu mkionyeshe. Kikitangazwa, kibaya zaidi ni kuchukuliwa. Kahawa mkaange wenyewe hapo Kibosho mpaka iive, msipeleke mbichi, mfunge vizuri, na kwenye fomu mweke alama ya "ndiyo" panapouliza chakula. Atainusa ofisa, atawarudishia. Mimi yangu waliifungua mara mbili, na mara ya pili yule dada wa forodha aliniuliza inauzwa wapi.